MTARO WA BONDENI: TUSIFUKIE KABLA YA KUPIMA

*KUTOKA KWA KATIBU WA TAWI*
*Kwa wanachama wote*

Mwenyekiti ameagiza maneno niliyosema kwenye mkutano wa tawi Jumamosi yaandikwe na kutumwa kwa wote, kwa sababu wengi walikuwa shambani na wengine wameyapata nusu nusu. Balozi wa kila shina awasomee wasio na simu kubwa. Ni marefu kidogo. Tafadhali someni mpaka mwisho ndipo mjibu.

*Kidumu Chama!*

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe wa Kamati ya Siasa, mabalozi wetu, viongozi wa jumuiya, wanachama wenzangu.

Mezani tuna mapendekezo matatu kuhusu mtaro wa bomba la maji kutoka tenki la Mlimani kwenda Bondeni. La kwanza, sehemu iliyobaki tupunguze kina kutoka sentimita 90 hadi 45 ili tuwahi mvua. La pili, tufukie mtaro wote kabla ya mgeni wetu kufika, ili akute kazi imekamilika na njia iko safi. La tatu, daftari la wachimbaji liandikwe kwa kufuata kadi ya Chama, na asiye na kadi asubiri.

Nimeombwa kutoa maoni kama katibu. Yote matatu siyaungi mkono, na sababu yangu ni moja. Mimi ni mtu wa hesabu. Katika hesabu, kitu ukishakifunga bila kukikagua, kosa lililomo linabaki humo na linaendelea kula. Mtaro ni vivyo hivyo. Leo bomba tunaliona, tunaligusa na tunaweza kuuliza maswali. Tukishatupia udongo, maswali yamekwisha na kilichobaki ni kuchimbua.

Kwanza tukumbushane kazi hii ni ya nani. Mradi ni wa wananchi wa kijiji. Unaendeshwa na chombo chetu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Tawi halina mamlaka ya kubadili mchoro wa mhandisi. Tunachoweza ni kuhamasisha watu wetu, kulinda ubora na kusema ukweli. Tukipitisha hapa azimio la kupunguza kina, litakuwa neno tu, lakini vijana watalifuata na mtaro utaharibika.

*Kuhusu kina*

Mtaro wote ni mita 1,800. Tumechimba mita 1,100, zimebaki 700. Upana ni sentimita 45. Kupunguza kina kwa sentimita 45 katika mita hizo 700 kunatuokolea takriban mita za ujazo 142 za udongo. Tuna kaya 120 kwenye msaragambo huu. Gawanyeni: kila kaya inaokoa mita ya ujazo 1.2 hivi. Kwa udongo wetu, mtu mzima mwenye sululu na beleshi huchimba mita ya ujazo moja na nusu kwa siku bila kujiua. Kwa hiyo tunachogombania ni kazi ya chini ya siku moja kwa kila kaya.

Sasa tuangalie tunachopoteza. Chini ya bomba lazima tuweke tandiko la udongo laini la sentimita 10. Bomba lenyewe lina milimita 63, tuseme sentimita 6. Mtaro wa sentimita 90 unatuachia sentimita 74 za udongo juu ya bomba. Mtaro wa sentimita 45 unatuachia sentimita 29. Jembe la mkono la mkulima mwenye nguvu linafika karibu na hapo. Na sisi tuko mlimani. Mvua za masika zikipita mara mbili tatu kwenye mteremko uliofukuliwa, sentimita 29 zinakuwa 15. Hapo hata kwato za ng'ombe zinatosha, achilia mbali mtu anayechimba shimo la mgomba.

Bomba la plastiki la aina hii likilazwa vizuri hutarajiwa kukaa miaka 50. Tuiuze miaka hiyo kwa siku moja ya jembe?

Nataja pia kile kipande cha karibu na shule ambako mtaro unatakiwa kufika mita 1.6. Wengine wamesema huo ni ukatili. Si ukatili. Pale pana kichuguu cha ardhi. Bomba likipandishwa juu yake kisha likashuka, hewa hujikusanya kileleni na kubana maji, na Bondeni watapata matone wakati tenki limejaa. Kwa kushusha mtaro pale, bomba linaendelea kuteremka bila kupanda. Ndiyo maana mhandisi amechora hivyo.

Lakini pale kwenye mita 1.6 nasisitiza usalama. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Ikimwangukia mtu aliyeinama, hawahi kupiga kelele. Kingo zilazwe kwa mteremko, zisisimame kama ukuta. Kifusi kikae mbali na ukingo, isipungue sentimita 60. Asichimbe mtu peke yake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtu asiingie mpaka msimamizi ameangalia nyufa za ukingoni. Na jioni tuweke miti na matawi kuzuia watoto na mbuzi.

Penye mwamba ambao sululu haiingii, tusilazimishe na tusipitishe bomba la plastiki juu juu kimyakimya. Tumwite mhandisi. Mahali kama hapo huweza kutumika bomba la chuma na kufunikwa kwa zege. Huo ni uamuzi wake, si wa mwenye sululu.

*Kuhusu bomba lenyewe*

Bomba limekuja kwa roli za mita 100. Kila roli ina maandishi yanayojirudia ubavuni: kipenyo na daraja la presha. Naomba kila anayepokea roli asome. Letu linatakiwa liandikwe PN 10.

Nieleze maana yake, kwa sababu niliulizwa. Kila mita 10 ambazo maji yanashuka huongeza presha ya bar moja. Kutoka tenki la Mlimani hadi kituo cha mwisho Bondeni, kimo kinashuka mita 65. Usiku koki zote zikifungwa, bomba la Bondeni linabeba presha ya bar 6.5. Bomba la PN 6 limetengenezwa kwa bar 6, kwa hiyo kule chini lingezidiwa. La PN 10 linatosha. Mchana maji yakichotwa presha hushuka, ndiyo maana bomba dhaifu hupasuka usiku watu wamelala na asubuhi tenki ni tupu. Roli lenye maandishi mengine liwekwe pembeni na tumwite fundi kabla halijashuka mtaroni.

Roli zisiburutwe kwenye mawe. Mkwaruzo ukizidi sehemu moja ya kumi ya unene wa bomba, kipande hicho hukatwa na kuungwa upya. Vilevile plastiki hupanuka kwa jua na kujikunja kwa baridi. Mita 100 zikipoa nyuzi 20 zinafupika zaidi ya robo mita. Mkiunga bomba saa 8 mchana limevutwa kama kamba ya nguo, usiku litajivuta lenyewe na kuchomoka kwenye viungio. Lilazwe likijipinda kidogo kama nyoka anayetembea taratibu, na udongo wa kwanza uwekwe asubuhi likiwa limepoa.

*Kuhusu kufukia kabla ya mgeni*

Hapa ndipo penye joto, na naelewa kwa nini. Tunataka mgeni aone tumefanya kazi. Mimi pia nataka.

Lakini tuna viungio 17 kwenye mstari huu, bila kuhesabu matawi ya vituo vya kuchotea maji. Kiungio kimoja kikiachia lita 5 kwa dakika, hiyo si chemchemi, ni kijito chembamba ambacho udongo unakinywa bila mtu kuona. Lita 5 kwa dakika ni lita 7,200 kwa siku. Ni ndoo 360 za lita 20. Kwa bei yetu ya shilingi 30 kwa ndoo, ni shilingi 10,800 kwa siku, shilingi 324,000 kwa mwezi. Kiungio kimoja. Na kukitafuta kwenye mtaro uliofukiwa mita 1,800 tutachimba tena kwa kubahatisha.

Kupima si kazi kubwa. Bomba linajazwa maji polepole kutoka chini kwenda juu huku hewa ikitolewa. Kisha pampu ya mkono yenye saa ya presha inapandisha hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwetu ni kama bar 10. Plastiki huvimba kidogo, kwa hiyo mshale unaweza kushuka mwanzoni. Fundi anaongeza, kisha anaangalia kama umetulia. Ukiendelea kushuka, watu wanatembea mtaroni kiungio kwa kiungio wakitafuta unyevu. Kipimo kifanyike kwa maji, kamwe si kwa hewa ya kompresa, maana hewa iliyobanwa ikipasua bomba inaua.

Hatuhitaji kuacha mtaro wote wazi mpaka siku hiyo. Utaratibu unaokubalika ni huu: tufukie sehemu za katikati ya bomba, tuache viungio vyote wazi. Udongo wa katikati unalishikilia bomba lisirukeruke wakati wa kupima, na viungio tunaviona. Mvua ikija mapema, tutakuwa na mashimo 17 ya kulinda, si mtaro wa mita 1,800.

Mgeni tumwonyeshe hivyohivyo. Tumsimamishe kwenye kiungio kikavu chenye presha ya bar 10, tumwonyeshe saa imetulia. Kiongozi anayejua kazi ataheshimu hilo kuliko mstari wa udongo uliofagiliwa. Na asiyejua atajifunza.

Kipimo kikipita, tufukie kwa mpangilio. Kwanza udongo laini usio na mawe, pembeni na juu ya bomba, ushindiliwe kwa miguu. Halafu utepe wa tahadhari. Halafu tabaka kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe. Kifusi kikirudishwa chote kwa mkupuo, mvua ya kwanza itageuza mtaro kuwa korongo. Kabla watu hawajaanza kunywa, bomba lisafishwe kwa maji yenye klorini na maji hayo yamwagwe, kama fundi atakavyoelekeza.

*Kuhusu mashamba tunayopita*

Kuna wenzetu wanne ambao mtaro unakata shamba lao, na mmoja ana kahawa inayozaa. Nimesikia maneno kwamba wanapinga maendeleo. Hayo maneno tuyaache. Mtu anayeuliza miche yake itakuwaje ana haki ya kujibiwa. Tukae naye, mtendaji wa kijiji awepo, njia ichorwe na makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla jembe halijaingia. Wakati wa kuchimba, udongo mweusi wa juu uwekwe upande mmoja na mwekundu wa chini upande mwingine. Wakati wa kufukia mweusi urudi juu. Ukichanganya, unamwachia mwenye shamba ukanda usiozaa kwa miaka.

Pale tunapovuka barabara, chombo cha maji kipate kwanza ridhaa ya TARURA, na bomba lipite ndani ya bomba kubwa la chuma ili lori lisilikandamize. Na njia isisogee karibu na mashimo ya vyoo kwa ajili ya kufupisha. Maji yakikatika bomba huvuta kutoka nje kuingia ndani. Likiwa na ufa karibu na choo, mnajua litavuta nini.

*Kuhusu kadi*

Pendekezo la tatu limenisikitisha, ingawa najua limetoka kwa mtu anayekipenda Chama.

Wazee wetu huku Upareni walijenga ndiva na mifereji kwa nguvu ya pamoja. Aliyechimba alipata zamu ya maji na aliyetegea aliulizwa, na swali lilikuwa kama umechimba au hujachimba. Mwaka 1971 nchi yetu iliweka lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Miaka 20 ilipita na lengo halikufikiwa. Mabomba mengi yalilazwa, na mengi yalikauka kwa kukosa matunzo na kwa kukosa mtu wa kusema haya ni yetu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikarudia mita 400 hizohizo, na kituo kimoja kwa watu 250.

Bomba linatunzwa na watu wanaoliona ni lao. Linapita mbele ya nyumba za wenye kadi na wasio na kadi. Yule uliyemwambia asubiri ndiye atakayeona maji yanabubujika saa 9 usiku. Ataamka kukupigia simu? Daftari liandikwe kwa kaya: jina, mita ulizopewa, siku uliyomaliza, saini ya msimamizi. Mgonjwa, mzee na mama aliyejifungua waandikwe kwamba wamesamehewa, ili kesho asitokee mtu wa kuwadai. Mwanachama wetu aonekane kwa kumaliza kipande chake mapema na kumsaidia jirani. Hiyo ndiyo kampeni.

*Kumbukumbu*

Mwisho kabisa, karatasi. Tunavyochimba, tuchore ramani. Si lazima iwe ya kitaalamu. Kila kiungio, kila koki ya kufungia na kila kona vipimwe kwa futi kamba kutoka vitu viwili visivyohama, kama kona ya darasa na kalavati. Kila kiungio kipigwe picha kabla ya kufunikwa. Nakala moja ikae kwa chombo cha maji, moja ofisi ya kijiji, na picha ziwe kwenye simu zaidi ya moja. Fundi wa miaka 20 ijayo huenda hajazaliwa. Tumwachie kitu cha kusoma.

Ndugu Mwenyekiti, kina mama wa Bondeni wanapanda mlima na ndoo kichwani tangu sisi watoto. Hawajawahi kutuomba mtaro mzuri wa kutazama. Wameomba maji yatoke leo, na mwaka kesho yatoke pia. Naomba kuwasilisha.

*ALIYOKUBALI MKUTANO*

1. Kina kibaki sentimita 90, na mita 1.6 penye kichuguu cha shule, kama mchoro wa mhandisi.
2. Viungio vyote vibaki wazi hadi kipimo cha presha kifanyike mbele ya fundi, chombo cha maji na wananchi. Mgeni aalikwe kushuhudia kipimo.
3. Pendekezo la kadi limeondolewa na mtoa hoja mwenyewe. Tunamshukuru.
4. Mwenyekiti na wazee wawili watawatembelea wale wenzetu wanne wenye mashamba pamoja na mtendaji wa kijiji.

*MSARAGAMBO* ni Jumatano na Alhamisi, saa 1 asubuhi, kuanzia pale kigingi cha mita 1,100. Kila kaya ije na sululu au jembe, beleshi, na maji ya kunywa. Mabalozi waje na majina ya kaya zao. Mwenye swali kuhusu hesabu nilizotoa aulize hapa hapa, wote wasome jibu.



Katibu wa Tawi